Mtoto wa Kuasili katika Daftari la Serikali na Daftari la Ubatizo

Miongoni mwa maombi yanayoletwa katika ofisi ya usharika limo moja linaloonekana dogo. Watu waliompokea mtoto wa mwingine na kumlea kama wa kwao humwomba mchungaji awaandikie cheti cha ubatizo chenye majina yao mahali pa baba na mama, wakipeleke kwa msajili ili mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Nia yao ni njema. Shule inataka cheti, bima ya afya inataka cheti, nao hawapendi mtoto aulizwe maswali mbele ya wenzake. Lakini mchungaji akiandika hivyo kabla ya amri ya mahakama, ameshuhudia jambo ambalo halikutokea, na ushuhuda wake utaingia katika kumbukumbu za taifa.

Katika makala hii tumekusudia kueleza jinsi kumbukumbu za mtoto zinavyobadilishwa baada ya kuasiliwa kwa sheria ya Tanzania Bara, na nafasi ya mchungaji katika jambo hilo. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto, ya mwaka 2011, nayo hatutaizungumzia hapa.

Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini karatasi ya kanisa ina uzito. Mtoto asiyesajiliwa mapema huhitaji uthibitisho anapoombewa cheti cha kuzaliwa, na miongoni mwa vielelezo vinavyopokewa ni kadi ya kliniki, hati za shule na cheti cha ubatizo. Hivyo kalamu ya mchungaji ina sauti serikalini hata pale asipokusudia. Kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa kisheria. Tena, tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano umesogezwa hadi ofisi za kata na vituo vya afya. Mtoto mwingi wa leo ana kumbukumbu ya serikali kabla hajafika kwa wanaotaka kumwasili, na cheti cha pili kilichopatikana kwa hila kitagongana na cha kwanza.

Kuasili ni tendo la Mahakama Kuu. Ndivyo inavyoelekeza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo sasa ni Sura ya 13 ya sheria za nchi, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani ya kuasili, Sura ya 335. Afisa wa Ustawi wa Jamii huchunguza nyumba na kutoa taarifa. Ridhaa ya wazazi au walezi hutafutwa. Mtoto mwenyewe husikilizwa kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Kiapo mbele ya wakili hakitoshi. Barua ya serikali ya mtaa haitoshi, wala kikao cha ukoo, wala hati ya kubadili jina. Na tuseme wazi, kwa kuwa wako wanaodhani hivyo: ubatizo nao haumpi mtoto wazazi wapya kisheria, wala usimamizi wa ubatizo hauna nguvu hiyo.

Amri ikishatolewa, inapelekwa kwa Msajili Mkuu, ambaye ofisi yake iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Hapo habari za mtoto zinaandikwa katika Daftari la Watoto wa Kuasili: jina atakalolitumia, tarehe ya kuzaliwa, waliomwasili, na amri yenyewe. Kama alikuwa tayari katika daftari la vizazi, ingizo lile halifutwi. Linawekewa alama kwamba ameasiliwa. Uhusiano kati ya madaftari hayo mawili unahifadhiwa na Msajili, wala si wazi kwa kila mpita njia. Hufunuliwa kwa amri ya mahakama. Kwa nakala itokayo katika daftari jipya wazazi huweza kurekebisha mengine yote: kumbukumbu za shule, bima, pasi ya kusafiria, na hatimaye kitambulisho cha taifa atakapofikia miaka 18. Mpangilio huu usigeuzwe. Mzazi aanzaye na shule atajikuta na mtoto mwenye majina mawili, na jina lililosajiliwa kwa Baraza la Mitihani ndilo litakalochapwa katika cheti cha kidato cha nne.

Tarehe ya kuzaliwa inastahili uangalifu wa pekee kwa mtoto aliyeokotwa. Hakuna aijuaye siku yake, na mahakama hukadiria. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo makadirio hayo mtu huyo atatembea nayo maisha yake yote. Mchungaji anayembatiza mtoto kama huyo kabla ya amri asibuni tarehe ili kujaza nafasi. Aandike kwamba haijulikani.

Liko pia suala la urithi, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Yatima anapolelewa na baba mdogo, halafu akaandikiwa cheti kama kwamba amezaliwa na huyo baba mdogo, amepokonywa ushahidi kwamba yeye ni mtoto wa marehemu. Siku shamba la baba yake litakapogawanywa, cheti chake mwenyewe kitamkana. Kuasiliwa kwa halali nako kuna matokeo: panapokosekana wosia, sheria humhesabu kuwa mtoto wa waliomwasili. Ndiyo maana si kila mtoto anayelelewa na bibi au shangazi anahitaji kuasiliwa. Mara nyingi lililo bora ni kumpatia cheti cha kweli chenye majina ya wazazi wake waliofariki, naye aendelee kulelewa na jamaa. Mchungaji aulize habari hizi mapema, kabla familia haijatafuta wakili.

Wako watakaosema kwamba majina mawili ya wazazi humvunja mtoto moyo, na kwamba upendo huficha. Maandiko hayaendi njia hiyo. Mordekai alimlea Esta kama binti yake (Esta 2:7), na kitabu hichohicho bado kinamtaja Abihaili baba yake (2:15). Mtume Paulo naye, anaposema juu ya kufanywa wana (Warumi 8:15, Wagalatia 4:5, Waefeso 1:5), alitumia neno ambalo wasomaji wake walilijua kutoka katika maisha ya Kirumi, ambako kuasili kulikuwa tendo la hadharani la kisheria. Hakuna aliyedai kwamba baba mpya ndiye aliyemzaa mwana huyo. Hata hivyo alikuwa mrithi kamili.

Basi katika daftari la ubatizo tunapendekeza hivi. Ingizo la awali lisikwanguliwe wala kubandikwa karatasi juu yake. Pembeni iandikwe namba ya shauri, tarehe ya amri, jina jipya na majina ya waliomwasili, kisha mchungaji atie sahihi. Cheti kipya kitolewe kwa majina mapya, bila kutaja habari ya kuasiliwa, na tarehe ya ubatizo ibaki ileile, kwa kuwa habatizwi mara ya pili. Habari yenyewe si ya wazee wa usharika wala ya kwaya. Wenye haki ya kumwambia mtoto ni wale waliomwasili. Daftari lenye maelezo ya namna hiyo halipaswi kukaa juu ya meza, ambapo kila anayekuja kulipa ahadi aweza kulifunua.