Kabla ya Kumtumia Fundi wa Vigae Balansi, Gonga Ukuta

Fundi amekupigia saa kumi jioni: vigae vya ukuta wa jikoni vimeisha kubandikwa, vinang'aa, na anaomba pesa zote leo ili kesho aende saiti nyingine. Ukiweka PIN hapo, umelipia kazi ambayo haijaisha. Grauti bado, na gundi huhitaji takriban saa 24 kushika kabla grauti haijawekwa.

Ndiyo maana tunakushauri ukubaliane na fundi mapema kwamba malipo yatafuata kazi.

Vifaa nunua mwenyewe. Ukuta ulio juu ya sinki, wenye urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60, ni mita 1.8 za mraba. Ukichagua vigae vya sentimita 25 kwa 40 unahitaji 18. Ongeza viwili vya kuvunjika wakati wa kukata. Lipa duka moja kwa moja kupitia till namba yake, na usome jina kabla ya kuthibitisha. Pesa za gundi zikipitia kwa simu ya fundi, hutajua ni ngapi zilifika dukani.

Pesa ya kwanza ya leba itoke ukuta ukishatayarishwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na huwezi kuona hadi miezi ipite. Ukuta wenye rangi ya mafuta ukibandikwa hivyo hivyo, gundi hushika rangi, si plasta. Rangi ikibambuka, kigae kinakuja nayo. Fundi anafaa kuuchokoachokoa ukuta kwa patasi, kisha aondoe vumbi. Kama uko kazini, mwambie akutumie picha kabla ya kubandika kigae cha kwanza.

Pesa ya pili ingoje kesho yake. Chukua sarafu ya shilingi kumi ugonge kila kigae, pembe zote. Kinacholia kama debe tupu hakina gundi ya kutosha nyuma. Kitolewe sasa, kwa sababu baada ya grauti, kukibandua kunaweza kuvunja jirani zake.

Balansi ni ya grauti. Hakikisha mianya imejaa bila vitundu, na kwamba fundi alipangusa kwa sponji yenye unyevu tu. Maji mengi hudhoofisha grauti na kuipausha. Pale ukuta unapokutana na kaunta iwekwe silikoni, maana sehemu hizo mbili husogea kila moja kivyake na grauti hupasuka.

Kazi ikipita, mtumie hapo hapo. Fundi naye ana kodi ya nyumba, tusimzungushe. Ila meseji ya malipo usiifute: ina tarehe, kiasi na jina lake, na utaihitaji kigae kikianguka Disemba.