Kupandikiza nywele baada ya miaka 50 bila vidonge vya kila siku: Inawezekana, lakini piga hesabu

Ukikaa kwa kinyozi hapa London siku ya Jumamosi utasikia siasa za nyumbani, mpira na bei za tiketi za ndege. Siku hizi imeongezeka habari nyingine: nani amekwenda Istanbul akarudi na nywele. Sisi wa umri wa makamo, ambao kofia hatuivui hata sebuleni, hujifanya hatusikii. Kumbe masikio tumeyatega.

Tuseme kweli, nasi tumelifikiria. Tulikwenda kuonana na daktari wa mambo hayo na swali moja: je, mtu aliyevuka miaka 50 anaweza kupandikiza nywele bila ya kumeza vidonge maisha yake yote? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Kipara cha kawaida cha wanaume hakiletwi na kofia wala maji ya London. Ni urithi, pamoja na homoni iitwayo DHT, ambayo hudhoofisha mizizi ya nywele za mbele na za utosini. Nywele za kisogoni na za pembeni huhimili zaidi. Mwaka 1959, Dk. Norman Orentreich wa New York alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nywele zikihamishwa kutoka kisogoni hubaki na tabia ya kule zilikotoka. Huo ndio msingi wa kazi hii mpaka leo.

Lakini upasuaji huhamisha nywele tu, hauzuii upara. Nywele zako za asili zilizobaki huweza kuendelea kupungua. Asiyetumia dawa anaweza kujikuta baada ya miaka kadhaa ana mstari wa nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake, kama kisiwa baharini. Ndiyo maana madaktari wengi hupendekeza finasteridi, dawa inayopunguza DHT.

Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1997. Husaidia muda ule tu unapoitumia. Ukiacha, faida yake hupotea ndani ya mwaka mmoja hivi. Wengi hawapati tabu nayo, lakini baadhi hupungukiwa na nguvu za kiume au huingiwa na huzuni. Mwaka 2024, mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitangaza kadi ya tahadhari kwa watumiaji. Tena hushusha kipimo cha damu cha PSA kwa karibu nusu. Kwa wanaume weusi wa Uingereza, ambao mmoja kati ya wanne hupata saratani ya tezi dume maishani, hilo si jambo dogo: anayeitumia amwambie daktari kabla ya kupimwa.

Kwa anayekataa vidonge, umri una msaada wake. Kijana wa miaka 25 hajui upara wake utaishia wapi. Wa miaka 50, ramani imekwisha chorwa kwa sehemu kubwa. Basi na apange kana kwamba nywele zote za asili za juu zitaondoka. Mstari wa mbele uwe wa mtu mzima, si ule wa picha ya harusi yake. Utosi usubiri. Kisogo ni akiba: mzizi uliotolewa hauoti tena pale.

Kwetu Waafrika kuna la ziada. Mizizi ya nywele za kipilipili hupinda chini ya ngozi, na asiye na uzoefu huikata. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kuvimba aseme mapema. Faida yetu ni kwamba nywele zilizojikunja hufunika eneo kubwa zaidi.

Subira nayo inahitajika. Nywele zilizopandikizwa huanguka baada ya wiki chache, huanza kuota tena baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo huonekana vizuri baada ya mwaka.

Gharama je? NHS kwa kawaida hailipii, na yenyewe imewahi kutaja kati ya pauni 1,000 na 30,000. Hapa England kliniki lazima iwe imesajiliwa na CQC na daktari na GMC. Istanbul ni rahisi zaidi, lakini uliza: nani atashika kisu, daktari mwenyewe au msaidizi? Na ukipata maambukizi baada ya kurudi, nani atakuangalia?

Sisi tuliambiwa akiba ya kisogo chetu ni ya wastani: bila dawa, itatosha mbele tu. Tulipofika nyumbani tukamweleza mama watoto. Akatutazama, akauliza, "Kwani mimi niliolewa na nywele?" Kisha akauliza kuhusu ada ya shule.

Tumejipa mwaka mmoja. Kila miezi mitatu tunapiga picha, mahali pale pale, kwenye mwanga ule ule. Upara ukiwa umesimama, tutarudi kwa daktari. Ukiwa bado unatembea, tutamwambia kinyozi anyoe zote, na kofia tutaivaa siku za sherehe tu.