Mbavu za Gisenyi na saa ya kufunga mpaka

Mbavu za ng'ombe hazina haraka, lakini mteja wa mpakani anayo. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo muuza choma wa Gisenyi anapotafuta riziki. Mama aliyevuka alfajiri kutoka Goma kuja kuchukua karoti, vitunguu na viazi vya Rubavu anataka kula, ahesabu faranga zake na arudi kabla lango halijafungwa. Brosheti ya mbuzi iko tayari kwa dakika 20. Mbavu zinamtaka mpishi awe amewasha moto tangu asubuhi, kabla hajajua atapata wateja wangapi.

Na lango lenyewe halitabiriki. Petite Barrière, ambako kabla ya korona watu makumi ya maelfu walivuka kwa miguu kila siku, ilifungwa kwa saa kadhaa tarehe 1 Agosti 2019 kwa hofu ya Ebola. Machi 2020 ikaja korona. Juni 2022, baada ya askari wa Congo kuuawa kwa risasi mpakani hapo, upande wa Congo ukaanza kufunga saa 9 alasiri badala ya saa 12 jioni. Januari 2025 risasi na mabomu ya vita vya Goma yakaanguka hadi Rubavu. Siku kama hizo mwenye brosheti hurudisha nyama mbichi kwenye friji, akasubiri kesho. Mwenye mbavu hubaki na nyama iliyoiva nusu na makaa yaliyokwisha kuteketea.

Kwa nini basi kuhangaika nazo? Jibu liko buchani. Katika bucha za Rwanda nyama ya ng'ombe huuzwa kwa mafungu mawili yanayojulikana: iroti, yaani mnofu mtupu, na imvange, mchanganyiko wa nyama na mifupa, ambao bei yake ni ya chini. Mbavu nyingi huishia kwenye imvange. Anayezungumza na mwenye bucha mapema, akaagiza mbavu zikatwe kwa urefu badala ya kupasuliwa kwa shoka hadi zijae vipande vya mifupa, anapata nyama yenye ladha kuliko iroti kwa fedha pungufu. Kinachobaki ni kuilainisha, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Ng'ombe wa huku hula majani, kuanzia malisho ya Gishwati hadi vilima vya Masisi ng'ambo ya pili, na wengi huchinjwa wakiwa wamekomaa. Mbavu zao zina kano na utando mgumu. Moto mkali huukaza utando huo, nyama ikawa kama mpira wa ndala. Ukikaa saa nyingi kwenye joto la wastani, utando huo huyeyuka ukawa kama ute mzito, na nyama huachia mfupa yenyewe. Kwa hiyo jiko la wazi la brosheti, ambalo moto wake uko moja kwa moja chini ya nyama, si jiko la mbavu. Mbavu zinataka mfuniko.

Jiko la makaa la mviringo lenye mfuniko, lile linaloonekana kwenye bustani za hoteli, lilitengenezwa mwaka 1952 na George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago. Alikata boya la chuma katikati, nusu ikawa jiko, nusu ikawa mfuniko. Fundi wa kuchomelea katika agakiriro yoyote ya Rwanda anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa, maana pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu na kuwekewa bawaba hufanya kazi ile ile. Matundu mawili yatoshe: moja chini, upande wa makaa, la kuingiza hewa, jingine juu ya mfuniko, upande wa nyama, ili moshi upite juu ya mbavu kabla ya kutoka. Kila tundu liwe na kibati cha kulifunga. Pipa lililobeba kemikali lisiguswe kabisa. Lililobeba mafuta lisafishwe vizuri kabla fundi hajaligusa kwa moto, kisha likishakatwa lichomwe kwa kuni hadi rangi yote iishe. Na wavu wa kuweka nyama usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto hutoa moshi wenye sumu.

Makaa hupangwa upande mmja tu. Mbavu hukaa upande wa pili, mfupa ukiwa chini, na chini yake huwekwa sinia ya maji ya kudaka mafuta yasishike moto. Mfuniko ukifungwa, tundu la chini likiachwa wazi kidogo, makaa huwaka polepole na joto huzunguka kama kwenye tanuri. Kila baada ya saa moja hivi huongezwa makaa machache yaliyokwisha kushika moto kwenye mbabula ya pembeni. Ukiongeza makaa meusi moja kwa moja, nyama itanuka moshi mchungu. Kwa mwendo huo mbavu nene huhitaji saa 4 hadi 5, na kila mfuniko unapoinuliwa ili kuonyesha wateja, muda unaongezeka. Hakuna haja ya kipimajoto. Nyama ikirudi nyuma na kuacha ncha ya mfupa wazi kwa upana wa kidole, na kisu kikizama bila kusukumwa, imeiva.

Anayetaka kuuza saa 6 mchana, basi, awe na makaa mekundu saa 1 asubuhi. Wengi hawawezi, na hawana sababu ya kuona haya wakichemsha kwanza. Mbavu huchemshwa kwa chumvi, tangawizi na kitunguu hadi zikaribie kulainika, kisha humalizwa juu ya makaa kwa nusu saa zikipakwa mafuta, limao na kitunguu saumu. Ladha ya moshi hupungua, ni kweli, lakini anayechemsha jioni na kuhifadhi kwenye friji anachoma asubuhi kiasi kile tu ambacho mpaka umemletea. Siku lango likifungwa ghafla, hasara yake ni ndogo. Kwa biashara ya mpakani njia hii ndiyo salama zaidi. Ile ya saa 5 ibaki ya Jumamosi, ya harusi na ya wageni wa ufukweni.

Jambo moja huwapotosha wapishi waliojifunzia Dar es Salaam au Mombasa. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Sufuria inayotokota Gisenyi ina joto dogo kuliko ile ya pwani, hivyo mbavu za kuchemsha saa 1 na nusu huko chini hapa hutaka saa 2 au zaidi. Maharage pia.

Joto linalozunguka ndani ya pipa halifai kupotea bure. Viazi, hasa Kinigi inayopendwa kwa unga wake, hupakwa mafuta na chumvi vikawekwa na maganda yake kwenye ukingo, kati ya makaa na nyama, vikaiva kwa saa moja. Vitunguu vizima hufukiwa kando ya makaa hadi viwe vitamu. Ndizi mbivu huja mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, kwa sababu sukari yake huungua upesi. Mteja wa Goma mara nyingi atauliza bugari au chikwangue, na sombe iliyopikwa kwa mawese ya Congo. Kumwambia hakuna ni kumwonyesha njia ya kwa jirani. Kachumbari ya kabichi na karoti haihitaji moto, na nyama yenye mafuta kama mbavu hailiki vizuri bila kitu kikali pembeni. Matone mawili ya Akabanga yanatosha. Matatu ni ujasiri.

Makaa ndiyo gharama inayosahaulika. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa chini ya kilo 20 za makaa kwa kilo 100 za kuni kavu, kwa hiyo kila gunia ni miti mingi. Sehemu kubwa ya makaa ya Rwanda hutoka kwenye mikaratusi iliyopandwa. Kwa Goma, kwa miaka mingi mengi yametoka Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako kukata miti ni kosa na biashara hiyo imewalisha watu wenye bunduki. Gunia linalouzwa rahisi kupita kiasi linastahili kuulizwa lilikotoka. Jiko lenye mfuniko husaidia hapa pia, maana matundu yote yakizibwa kazi ikiisha, moto hufa kwa kukosa hewa na makaa yaliyobaki hutumika kesho.

Bei ipangwe kwa hesabu ya nyama iliyoiva. Kilo 10 za mbavu mbichi, ukiondoa mfupa, mafuta na maji yanayopotea motoni, zinaweza kuacha kilo 4 tu za kutafuna, au pungufu. Anayepanga bei kwa kilo aliyonunua buchani anajidanganya. Ni afadhali kuuza kwa ubavu: mbili kwa sahani, viazi na kachumbari pembeni, bei moja inayotajwa kwa faranga za Rwanda, na inayoangaliwa upya kila asubuhi.

Nyama iliyoiva ikae juu ya moto hafifu hadi inunuliwe, si mezani kwenye jua. Anayetaka kubeba apewe karatasi ya kaki au aje na bakuli lake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na wanaovuka na mfuko mweusi kutoka Goma wanajua unavyoishia mpakani.

Mifupa iliyobakia jikoni bila kuuzwa huingia sufuriani jioni ile ile, pamoja na vichwa vya karoti na vitunguu. Supu yake huuzwa alfajiri kwa wabeba mizigo wanaopanga foleni kabla lango halijafunguliwa.