Kipimo cha Sukari na Damu Pungufu

Mwaka 2006 wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ilikumbwa na mlipuko wa malaria. Malaria kali huweza kumletea mtoto maafa mawili kwa pamoja: damu hupungua, na sukari iliyomo damuni hushuka. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, mtoto huhitaji glukosi bila kukawia. Hapo kipimo hakina budi kuwa sahihi. Lakini upungufu wa damu wenyewe huweza kukipotosha.

Kipimo hicho ni kipande chembamba cha plastiki. Mistari ya kaboni huchapwa juu yake kwa kupenyeza wino katika wavu, kama wafanyavyo wachapaji wa fulana. Juu ya kaboni huwekwa kimeng'enya, pamoja na kemikali ya kubebea elektroni. Kimeng'enya huondoa elektroni katika glukosi, kemikali huzifikisha kwenye kaboni, na mashine hupima mkondo wa umeme. Mkondo ukiwa mkubwa, sukari ni nyingi. Mashine ya kwanza ya namna hii, yenye umbo la kalamu, ilianza kuuzwa mwaka 1987, kutokana na utafiti uliofanywa Cranfield na Oxford, Uingereza.

Kosa hutoka wapi? Chembe nyekundu huizuia glukosi njiani. Zikiwa chache, glukosi hufika kwenye kaboni kwa wepesi. Mashine iliyorekebishwa kwa damu ya kawaida basi hutaja sukari nyingi kuliko iliyopo, na mtoto aliye hatarini hudhaniwa yu salama.

Wataalamu wameongeza elektrodi nyingine juu ya kipande hicho hicho. Hizi hupitisha umeme wa kwenda na kurudi, na kupima ukinzani wa damu. Chembe zikiwa chache, ukinzani hupungua. Mashine hutambua hali hiyo na kusahihisha jibu. Aidha, baadhi ya vipande hutumia kimeng'enya kisichotoa elektroni kwa oksijeni, ili zisipotee kabla ya kuhesabiwa. Hata hivyo unyevu huharibu kimeng'enya chochote. Bukoba, penye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kifuniko cha kichupa hakifai kuachwa wazi.

Jambo hili huweza kuonyeshwa darasani. Vijiti viwili vya kaboni vya betri kuukuu vitumbukizwe katika maji ya chumvi, viunganishwe na betri na ameta. Kisha mchanga umiminwe kati yake kidogo kidogo. Wanafunzi waandike mkondo unavyobadilika, na waeleze mchanga unawakilisha nini katika damu.