Kibanja Kikizuiwa, Nani Asikilizwe?

Amri ya kuzuia mali hutolewa dhidi ya mshtakiwa wa utakatishaji fedha, lakini uzito wake huwaangukia pia mke, ndugu aliyechangia kununua, na jirani aliyelipia kipande cha shamba mwaka juzi. Katika Rubya na vijiji jirani vya Muleba, mkoani Kagera, kibanja chenye migomba na mibuni ndicho chakula, ndicho urithi, ndiyo ada ya shule. Swali la kwanza huwa: tukate rufani wapi?

Katika hatua ya zuio, kwa kawaida rufani haipo. Sheria ya Mamlaka ya Rufani ya Tanzania, Sura ya 141, hairuhusu kukatia rufani uamuzi mdogo wa Mahakama Kuu usiomaliza shauri. Njia ni kurudi mahakama ileile iliyotoa zuio, kwa maombi yenye kiapo, kuiomba iliondoe au ibadili masharti yake.

Mlango mpana zaidi umo katika Sheria ya Mazalia ya Uhalifu, Sura ya 256, ya mwaka 1991. Mtu akitiwa hatiani kwa kosa kubwa, upande wa Jamhuri una miezi sita kuomba mali itaifishwe. Hapo ndipo asiye mshtakiwa anapodai haki yake, akionyesha kwamba hakushiriki kosa, alilipa thamani ya kutosha, na hakuwa na sababu ya kushuku. Aliyejua kuwa maombi yapo akanyamaza atahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ili asikilizwe.

Kenya ni kali zaidi. Sheria yake ya 2009 huruhusu mali itaifishwe kwa shauri la madai, hata mwenye mali asipotiwa hatiani. Hata hivyo zuio hufa baada ya siku 90 kama shauri la kutaifisha halijafunguliwa, na mahakama inaweza kulilegeza likimkosesha mtu riziki. Ukomo wa namna hiyo ni ulinzi wa kweli kwa familia.

Kagera, kikwazo kikubwa ni karatasi. Kahawa ya butura, inayonunuliwa ingali mtini kinyume cha taratibu, haiachi stakabadhi. Fedha yake ikinunua shamba, hata mkulima mwadilifu hukosa cha kuonyesha. Mkataba wa mauziano wenye tarehe, bei, mipaka na sahihi za mashahidi unaweza kuokoa ekari nzima.

Kudai tu kwamba shamba ni la ukoo hakutoshi, kwa kuwa ardhi hiyo nayo inaweza kuuzwa. Mwaka 1990, katika shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, Jaji Mwalusanya alitambua haki ya mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Kwa hiyo binti aliyerithi naye ana haki yake ya kutetea, bila kusubiri kaka aseme kwa niaba yake.

Mahakama Kuu ikishataifisha, aliyekuwa mhusika wa shauri hutoa taarifa ya rufani ndani ya siku 30. Ambaye hakuwa mhusika hana rufani. Anaweza kuiomba Mahakama ya Rufani, ndani ya siku 60, ichunguze mwenendo wa shauri. Mahakama hiyo hufanya vikao Bukoba pia, lakini huamua kwa kumbukumbu zilizotoka chini. Mkataba wa kibanja uliobaki sandukuni wakati wa usikilizaji wa kwanza ni vigumu sana kupokelewa huko.