Kuondoa Pawa Steringi katika Gari Dogo la Zamani: Yampasayo Mwenye Gari Kuyajua

Katika gereji za Katwe, Ndeeba na Kisekka jijini Kampala, kuna ushauri uliozoeleka sana masikioni mwa wenye magari madogo ya zamani. Pampu ya pawa steringi ikianza kuvuja au kulia, fundi humwambia mteja: "Tuitoe tu, gari litakwenda hivyo hivyo." Ushauri huo una mvuto, hasa kwa mwenye teksi ya kukodi ambaye siku moja bila kazi ni siku moja bila ada ya shule ya watoto. Ni kweli kwamba gari litakwenda. Swali linalowahusu polisi, abiria na wote watumiao barabara ni jingine: je, gari hilo litageuka kwa wakati pale litakapotakiwa kugeuka ghafla?

Makala haya hayakusudii kuwashutumu mafundi wala kuwatisha wenye magari. Yanaeleza jinsi mfumo huo ufanyavyo kazi, yanayotukia unapoondolewa, na hatua za kuchukua kabla ya kuamua.

Jinsi msaada huo unavyofanya kazi

Mhandisi wa Kimarekani, Francis W. Davis, alifunga usukani wa namna hii katika gari la Pierce-Arrow mnamo mwaka 1926. Hata hivyo, ilichukua robo karne kabla ya kampuni ya Chrysler kuanza kuuza magari ya kawaida yenye mfumo huo, mwaka 1951. Leo magari mengi yaliyo mitaani petu yanao, ikiwemo Toyota Corolla ya miaka ya 1990 ambayo watu wa Kampala huiita Kikumi.

Pampu huzungushwa na injini kwa mkanda. Husukuma mafuta maalumu kwa shinikizo kubwa kupitia mpira mgumu hadi kwenye reki, yaani fito ndefu yenye meno inayovuta na kusukuma magurudumu ya mbele. Juu ya reki, pale gia ndogo ya usukani inapokutana nayo, pana vali na ndani yake kijiti chembamba cha chuma. Dereva anapozungusha usukani, kijiti hicho hujipinda kidogo. Kujipinda huko hufungua vali, na mafuta hupelekwa upande mmoja wa pistoni iliyomo ndani ya reki. Hivyo mafuta humsaidia dereva kusukuma, huku mafuta ya upande wa pili yakirudi katika chupa yake.

Ifahamike kwamba usukani haukatiki na magurudumu pampu inapokufa. Kijiti kikishajipinda hadi mwisho wake, chuma hukutana na chuma na gari huendelea kumtii dereva, ila kwa nguvu za mikono yake pekee. Ndiyo sababu mtu huweza kudhani kwamba pampu ni pambo tu.

Kwa nini gari huwa zito kuliko lile lililoundwa bila pampu

Baadhi ya madereva wakongwe husema kwamba wao walijifunzia magari yasiyo na pampu na hawakupata taabu. Wasemayo ni kweli, lakini magari yale yalikuwa na reki nyingine. Katika gari lililoundwa kwa usukani wa mkono, usukani huzunguka takriban mara nne au zaidi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Katika gari lenye pawa, huzunguka karibu mara tatu. Mizunguko ikipungua, uzito huongezeka, kama vile mtu anayepanda mlima kwa njia ya mkato badala ya njia ya kuzunguka. Kiwanda kilikubali uzito huo kwa sababu pampu ilikuwapo kuubeba. Ukiiondoa pampu na kuacha reki ile ile, umemwachia dereva mzigo ambao haukupimwa kwa mikono yake.

Mzigo huo hauonekani sana gari linapokimbia, kwa kuwa tairi zinazozunguka hugeuka kwa wepesi. Huonekana pale gari linaposimama au kwenda polepole: katika maegesho, katika mzunguko wa barabara wenye msongamano, au boda boda inapokatiza mbele ghafla. Aidha, mafuta ndani ya reki hupunguza mishtuko ya mashimo. Yasipokuwapo, pigo la gurudumu hufika moja kwa moja mikononi. Na tairi ya mbele ikipasuka, gari huvutwa upande mmoja kwa nguvu, na dereva aliyechoka baada ya kazi ya siku nzima huenda asiweze kulizuia.

Njia tatu zitumikazo, na tofauti zake

Njia ya kwanza ni kukata mkanda na kuacha kila kitu mahali pake, au kutoa pampu na kuziba mipira. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mafuta yaliyozibiwa ndani ya reki hayana pa kwenda, hivyo kila dereva anapogeuza usukani huyasukuma mafuta hayo pia. Na matundu yakiachwa wazi, reki huvuta vumbi la barabara za murram na unyevu wa mvua kila inaposogea. Kutu huanza, na baada ya miezi kadhaa usukani hukwama kwa vipindi. Katika baadhi ya injini, mkanda huo huo huendesha pia pampu ya maji au alternata. Fundi akiukata bila kupima na kufunga mkanda mwingine unaofaa, injini itachemka au betri itakufa njiani.

Njia ya pili ni kuunganisha matundu mawili ya reki kwa bomba fupi ili mafuta yazunguke yenyewe kwa yenyewe. Hii huondoa kukwama na hulinda sili zisikauke, lakini usukani hubaki mzito, na kijiti cha vali huendelea kujipinda kabla ya magurudumu kuitika. Dereva huhisi uwazi mdogo katikati ya usukani. Wapo mafundi wanaojaribu kuuondoa uwazi huo kwa kuchomelea vali. Tunawasihi wananchi wasikubali kazi hiyo ifanyike kando ya barabara. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na chuma hicho ndicho pekee kiunganishacho mikono ya dereva na magurudumu.

Njia ya tatu ni kufunga reki ya mkono iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 viwanda vya Japani bado viliunda baadhi ya magari madogo yasiyo na pampu, na reki zake huweza kupatikana kwa wauza spea. Baada ya kuifunga, magurudumu ya mbele hupimwa na kunyooshwa upya. Hii ndiyo njia inayoheshimu jinsi gari lilivyobuniwa, na mwenye kuazimia kuondoa pampu hana budi kuifuata.

Maelezo haya hayahusu magari yenye mota ya umeme kwenye usukani, ambayo ni mengi miongoni mwa magari madogo yaliyoundwa baada ya mwaka 2000. Kung'oa fyuzi ya mota hiyo hakuligeuzi gari kuwa la usukani wa mkono. Dereva hulazimika kuizungusha mota iliyokufa pamoja na magurudumu.

Kabla ya kuondoa, chunguza

Mara nyingi kasoro ni ndogo kuliko gharama inayotajwa. Usukani mzito huweza kusababishwa na upepo mdogo katika tairi za mbele. Anzia hapo, kwani kujaza upepo si gharama. Mlio mkali unapokata kona hadi mwisho mara nyingi ni wa mkanda uliolegea. Mngurumo wa mfululizo ni dalili ya mafuta kupungua au hewa kuingia. Mpira wa kukunjana ulio mwishoni mwa reki ukiwa umelowa mafuta, sili za reki zimekwisha. Mpira wa shinikizo ukilowa, badilisha mpira, si pampu.

Mafuta yajazwe ya aina iliyoandikwa na kiwanda. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe katika chupa hiyo, kwa kuwa huharibu sili. Wala uvujaji usipuuzwe, maana mafuta yakidondokea bomba la moshi lenye joto kali huweza kuwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ama faida ya kupunguza matumizi ya petroli, ipo lakini ni ndogo. Gari linapokwenda moja kwa moja, pampu hutumia nguvu kidogo tu ya injini. Katika mashindano ya magari, wapo waondoao pampu ili kupunguza uzito na kuihisi barabara vyema. Hao huendesha kwa kasi katika njia iliyofungwa, hawabebi abiria katika msongamano wa Wandegeya.

Likizidiwa njiani

Msaada wa usukani ukipotea ghafla, shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari na usogee kando taratibu. Usizime injini gari likiwa bado linakwenda. Kwa sababu hiyo hiyo tunawakumbusha madereva wa milima ya Kabale na Kisoro waache desturi ya kuzima injini kwenye miteremko ili kuokoa petroli: injini ikizimika, msaada wa usukani hukoma, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho usukani huweza kujifunga.

Anayenunua na anayekaguliwa

Mnunuzi wa gari la zamani na ajaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, ausukume usukani upande mmoja kwa nguvu ya wastani, kisha auendeleze msukumo huo huku akiwasha injini. Mfumo ukiwa mzima, usukani utalegea mkononi. Usipolegea, ama mfumo ni mbovu, ama pampu imeondolewa, na muuzaji anapaswa kusema ukweli kabla ya fedha kulipwa.

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inataka gari liwe katika hali nzuri ya kiufundi, na mkaguzi wa magari ana mamlaka ya kulichunguza. Askari anapolisimamisha gari, anachotazama ni usalama: je, usukani una uwazi uliozidi, mafuta yanavuja, viungo vya reki vimelegea, tairi zimekula upande? Dereva ana haki ya kuelezwa kwa adabu kasoro iliyoonekana, naye ana wajibu wa kujibu kwa ukweli kuhusu mabadiliko yaliyofanywa. Faini, ikiwapo, hulipwa kwa njia rasmi za serikali. Haikabidhiwi askari mkononi.

Aliyekwisha kubadilisha usukani wa gari lake na aitunze risiti ya fundi, aiarifu kampuni yake ya bima, na asimpe mtu mwingine gari hilo bila kumwonya kuhusu uzito wake. Mwenye gari amekwisha kuzoea. Mke, kijana au dereva wa zamu huenda akaujua uzito huo kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto anayevuka barabara.