Mchele Desemba, madaftari Januari: Msaada gani humfaa mtoto wa makao?

Sikukuu za Krismasi na Idi zikikaribia, makao ya watoto katika miji mingi ya mipakani hupata wageni. Wafanyabiashara huchangishana, wakaleta mchele, unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Watoto huimba, picha hupigwa, magari yakaondoka. Shule zinapofunguliwa Januari nchini Kenya na Tanzania, wageni huwa wameadimika.

Hapo ndipo hesabu ngumu huanza. Ni kweli kwamba Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, Kenya ikafuata mwaka 2003, na Tanzania ikafuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana bado vinahitaji fedha. Mzazi mwenye watoto watatu hununua jozi tatu za viatu. Makao yenye watoto arobaini hununua jozi arobaini, tena kwa wakati mmoja.

Siku katika makao huenda kwa kengele na zamu. Wakubwa huamka alfajiri kuteka maji, kufagia uwanja na kuwavalisha wadogo. Baada ya uji, safari ya shule. Jioni kuna kufua, chakula na kazi za shule. Mlezi mmoja mwenye watoto kumi na watano hawezi kukagua kila daftari, hata awe na moyo wa namna gani. Anayebaki nyuma katika hesabu anaweza kubaki hivyo muhula mzima bila mtu kugundua.

Kuna na somo jingine lisilofundishwa darasani. Mtoto wa nyumbani hutumwa dukani, huhesabu chenji, humsikia mama akilalamikia bei ya nyanya. Wa makao hukuta chakula kimeshapikwa. Akifikisha miaka 18 na kutakiwa kujitegemea, huenda hajawahi kupanga bajeti ya wiki moja, wala hana shangazi wa kumkimbilia akikwama.

Jambo ambalo wafadhili wengi hawalijui ni kwamba si wote wanaoitwa yatima wamefiwa. Ripoti ya shirika la Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kuwa duniani, angalau watoto wanne kati ya watano walio katika makao wana mzazi aliye hai. Mara nyingi kilichowapeleka huko ni umaskini: familia imeshindwa kulisha au kusomesha, ikasikia kwamba makaoni vyote vipo.

Ndiyo maana sera za eneo hili zimebadilika. Rwanda, baada ya kuhesabu watoto 3,323 katika makao 33, ilianza mwaka 2013 mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Watoto walirudishwa kwa ndugu, au wakapokewa na walezi wa kujitolea wanaoitwa Malayika Murinzi. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi katika familia na jamii.

Hii haina maana kwamba mkono wa mfanyabiashara urudi mfukoni. Walioko makaoni leo wanakula leo. Lakini kabla ya kushusha gunia, inafaa kuuliza: Makao yamesajiliwa? Kila mtoto ana faili linaloonyesha ndugu zake? Wangapi wamerudi kwao mwaka huu? Kikundi kinaweza kugawa mchango wake kwa mihula yote badala ya siku moja, kikalipia masomo ya ziada, au kikampa bibi anayelea wajukuu mtaji wa genge ili wasitoke nyumbani kabisa.

Jambo hili linawagusa wafanyabiashara wenyewe pia. Anayelala safarini wiki nzima na kumwachia jirani watoto, anahitaji kuacha vyeti vya kuzaliwa mahali panapojulikana, pamoja na majina na simu za ndugu wa pande zote mbili za mpaka. Akipatwa na jambo, karatasi hiyo ndiyo itakayowaelekeza maofisa wa ustawi kwa shangazi badala ya makao. Na anayemkuta mtoto peke yake stendi au mpakani anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania.